Kiazi, Unga na Maharage: Historia Iliyomo Rafuni Braamfontein

Jina la Braamfontein lilitokana na tunda. Kwa lugha ya Makaburu, *braam* ni kichaka cha miiba kizaacho matunda madogo meusi, na *fontein* ni chemchemi. Kabla dhahabu haijagunduliwa mwaka 1886, mahali hapa palikuwa shamba. Mji ulipofumuka, shamba likakatwa viwanja. Leo mpita njia haoni chemchemi wala kichaka. Huona ghorofa za ofisi, mabweni ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Witwatersrand, daraja la Nelson Mandela lililofunguliwa mwaka 2003 kuvuka reli kuelekea Newtown na, katika mitaa ya Jorissen, De Korte na Juta, maduka ya vyakula yanayojaa vijana kila jioni madarasa yanapofungwa.

Kikapu cha mmoja wa vijana hao kinatosha kuwa waraka wa historia. Ndani yake mna unga mweupe wa mahindi wa kupikia *pap*, ambayo ni ugali kwa jina jingine. Kopo la maharage yenye mchuzi wa nyanya. Kopo la chakalaka. Chupa ya siagi ya karanga. Robo ya mkate. Achari ya maembe mabichi. Viazi, vitunguu, kabichi. Na pengine pakiti ya mageu, kinywaji cha mahindi yaliyochachushwa ambacho Mtanzania yeyote atakitambua kuwa ni ndugu wa togwa. Kama mwezi unaelekea ukingoni, patakuwa na *samp*, yaani mahindi yaliyokobolewa na kupasuliwa, ya kupikwa pamoja na maharage makavu. Waxhosa huita chakula hicho *umngqusho*; Mtanzania atakiita makande, na Mmombasa atasema ni pure. Hakuna kitu kikapuni humo kilichotoka kwa mnyama, na mara nyingi mwenye kikapu hajawahi kulifikiria jambo hilo.

Neno *vegan* lilibuniwa Uingereza mwezi Novemba 1944, Donald Watson na wenzake wachache walipojitenga na walaji mboga waliokuwa bado wakinywa maziwa na kula mayai. Lilikuwa neno la watu walioamua. Baadaye likasafiri, likafika hata Johannesburg, na leo huonekana kwenye vibao vya mikahawa ya Juta na kwenye vifungashio vya bei kubwa. Unga wa mahindi haukuhitaji kibandiko hicho ili uwe ulivyo. Lakini ni kosa kudhani kwamba chakula kisicho na mnyama ndani yake ni chakula kisicho na historia ya ukatili. Hapa Braamfontein, kwa kweli, ushahidi ni wa kinyume chake, na sehemu kubwa ya ushahidi huo iko kilimani, hatua chache kutoka madukani.

Kilima hicho leo kinaitwa Constitution Hill, na anwani yake ni mtaa wa Kotze, Braamfontein. Gereza lilijengwa hapo miaka ya mwanzo ya 1890, kisha serikali ya Paul Kruger ikalizungushia ngome mwishoni mwa muongo huo. Tarehe 10 Januari 1908 aliingizwa humo mwanasheria mmoja wa Johannesburg, Mohandas Gandhi, kwa kukataa kutii sheria ya kuwaandikisha Waasia wa Transvaal. Gandhi alikuwa mla mboga kwa nadhiri aliyomwekea mama yake, na baadaye kwa hoja alizozisoma London. Katika Johannesburg alikuwa mteja wa mikahawa michache ya walaji mboga iliyokuwa ikiendeshwa na Wazungu wenye fikra za pembeni. Humo ndimo alimofahamiana na Henry Polak na Albert West, wawili waliokuja kuwa nguzo za kazi yake. Mmoja wa mikahawa hiyo aliukopesha fedha za mteja wake, mkahawa ukafilisika, akalazimika kuzilipa mwenyewe. Kula mboga kulikuwa kwake suala la dhamiri, na kulimgharimu.

Gerezani alikutana na mlo wa mboga wa aina nyingine kabisa. Wafungwa Wahindi waliwekwa katika daraja moja na Waafrika, wakapewa uji mzito wa mahindi. Wengi wao hawakuuzoea, matumbo yakakataa. Wakaandika malalamiko, wakadai wali na mboga, na hatimaye wakaruhusiwa kujipikia. Mpishi aliyechaguliwa alikuwa Thambi Naidoo, ambaye hakuona haya kugombana na askari wa gereza pale mboga zilipopungua uzani. Gandhi aliyaandika haya yote kwa makini, kipimo kwa kipimo, kama mtu anayejua kwamba sahani ni hati ya kisiasa. Kasoro ya maandishi hayo ya 1908 haifichiki: yanadai Wahindi watenganishwe na Waafrika, na yanawataja Waafrika kwa dharau. Aliyekula uji ule kila siku bila kuandika barua kwa mtu yeyote hana sauti katika kurasa zake.

Na aliyekula uji ule ndiye aliyebaki. Gereza lilidumu hadi mwaka 1983, na sehemu ya Waafrika, iliyojulikana kama Namba Nne, ikapata sifa mbaya nchi nzima. Chini ya utawala wa ubaguzi, kanuni za magereza zilipanga chakula kwa rangi ya ngozi. Kisiwani Robben, ambako kumbukumbu za jambo hili zimehifadhiwa vizuri, Wahindi na Machotara walipata mkate na jamu kidogo. Mwafrika hakupewa mkate, akaongezewa unga wa mahindi. Nyama ilikuwa na kipimo chake pia, na kipimo cha Mwafrika kilikuwa cha chini. Katika Namba Nne wafungwa walikula wakiwa wamechuchumaa uani, karibu na vyoo vilivyo wazi. Ukiwatazama kwa sahani tu, wanaume wale walikuwa karibu na kile ambacho leo kingeitwa ulaji wa mimea mitupu. Tofauti ni kwamba hakuna aliyewauliza.

Namna mahindi yalivyofika kwenye sahani ile ni kisa kirefu. Mmea wenyewe ulitoka Amerika na kuletwa na Wareno; katika nyanda za ndani ulikuta mtama, ambao Wasotho na Watswana huuita *mabele*, na kwa karne kadhaa nafaka hizo mbili ziliishi pamoja. Migodi ndiyo iliyoamua mshindi. Mkuu wa kambi ya wachimbaji alihitaji nafaka inayosagwa kwa wingi, inayohifadhika na inayomshibisha mtu atakayeshuka chini ya ardhi kwa zamu nzima. Shirika la kuajiri wafanyakazi wa migodi, WNLA, lilikwenda kuwatafuta watu Msumbiji, Nyasaland na hata nyanda za juu za kusini mwa Tanganyika, ambako lilijulikana kwa jina la Wenela. Waliorudi Tukuyu na vijiji vya jirani walirudi na mablanketi na masanduku ya bati, na pia na mazoea ya kula kwa kipimo cha kambi: unga, maharage, nyama siku zilizopangwa. Tanganyika ilipopata uhuru ilisitisha uajiri huo.

Chakalaka yasemekana ilizaliwa katika mazingira hayohayo. Wasimulizi wengi huihusisha na wafanyakazi wa migodini wa Johannesburg, mara nyingi Wamsumbiji, waliochanganya nyanya, vitunguu, pilipili na maharage ya kopo ili pap ipate cha kuisindikiza. Simulizi hiyo haina hati, lakini mantiki yake ni nzuri: mchuzi huo hauhitaji jokofu, hupikwa katika sufuria moja, na bizari yake inaonyesha kuwa duka la Mhindi halikuwa mbali. Achari nayo ilipita njia hiyo. Neno lenyewe linajulikana kutoka Uajemi hadi Lamu. Huko Gauteng limekaa ndani ya *kota*, robo ya mkate iliyokombwa katikati na kujazwa chipsi, achari na, kwa mwenye senti za ziada, kipande cha soseji nyekundu. Asiye na senti hizo hula kota ya mimea mitupu bila kujua kwamba katika mkahawa wa jirani angelipia mara kadhaa kwa wazo lilelile.

Zile chipsi zinastahili kusimamishwa kidogo, kwa kuwa kiazi ndicho chakula chenye kesi kubwa kuliko vyote vilivyomo rafuni.

Mashariki mwa Johannesburg, katika wilaya ya Bethal, walowezi walilima viazi kwa wingi na walikuwa na uhaba wa mikono. Mikono hiyo waliipata kwa njia kadhaa, na mojawapo ilipita katika vituo vya polisi vya Johannesburg. Mwafrika aliyekamatwa bila pasi aliambiwa achague: ashtakiwe, au atie alama ya dole kwenye mkataba wa kwenda shamba. Wengi hawakuelewa walichokitia dole. Huko walilala katika vibanda vilivyofungwa kwa kufuli, wakavaa magunia ya viazi yaliyotobolewa matundu ya kichwa na mikono, na wakachimba viazi kwa vidole huku msimamizi akiwa na kiboko nyuma yao. Mwaka 1947 kasisi Michael Scott na Ruth First, mwandishi aliyesoma Wits na ambaye miaka mingi baadaye alipata kufundisha kwa muda Dar es Salaam, waliyafichua hayo, wakisaidiwa na Gert Sibande, kiongozi wa wafanyakazi wa mashamba aliyeijua Bethal kama kiganja cha mkono wake. Mwaka 1952 Henry Nxumalo wa jarida la *Drum* alikwenda Bethal mwenyewe, akaandika alichokiona.

Nxumalo hakuishia shambani. Mwanzoni mwa 1954 alijifanya akamatwe kwa kosa la pasi, akakaa siku tano katika gereza la kilimani Braamfontein, akatoka na makala iliyoitikisa serikali. Mpiga picha Bob Gosani alipanda juu ya jengo la jirani na kuwapiga picha wafungwa wakirushwa uchi katika ukaguzi wa aibu ulioitwa *tausa*. Makala mbili hizo, ya Bethal na ya Namba Nne, husomwa mara nyingi kama visa viwili. Zingefaa kusomwa kama kimoja, kwa sababu mtu aliyekamatwa barabarani kwa kukosa karatasi angeweza kuishia kwenye sahani ya uji kilimani au kwenye mstari wa viazi Bethal, na uamuzi ulikuwa wa karani.

Kati ya mwaka 1959 Chama cha ANC kikatoa wito: watu wasile viazi. Katika miezi hiyohiyo mwanasheria Joel Carlson alikuwa akipeleka mahakamani kesi za watu waliopotelea mashambani, na magazeti yakajaa ushahidi wa kutisha. Wito huo ulikuwa mgumu kuliko unavyosikika. Kiazi kilikuwa chakula cha mnyonge. Chipsi za kufungwa kwenye gazeti ndizo zilizokuwa chakula cha mchana cha kibarua wa mjini. Hata hivyo watu waliacha. Mitaani ilisemwa kuwa viazi vya Bethal vimerutubishwa kwa damu na miili ya waliokufa mashambani, na kwamba ukivitazama vizuri utaona umbo la mtu. Masoko yakabaki na magunia yasiyonunuliwa. Baada ya takriban miezi mitatu ANC iliuondoa mgomo, ikihesabu kuwa umefaulu.

Hapa kuna jambo ambalo watetezi wa ulaji wa mimea, kwa heshima yote wanayostahili, hawajalitilia maanani ya kutosha. Mama wa Soweto aliyekiacha kiazi mwaka 1959 alikuwa akifuata kanuni ileile aliyoifuata Watson mwaka 1944: kinachoingia kinywani kisitokane na mateso. Yeye alikifikia chakula ambacho kanuni ya Watson ingekipitisha bila swali, akakikataa. Hakuhitaji neno jipya kwa ajili ya kitendo hicho. Alikuwa na jina la wilaya tu, na lilimtosha.

Wazo la kususa lilivuka bahari mwezi huohuo. Tarehe 26 Juni 1959, katika ukumbi wa Holborn, London, ulifanyika mkutano wa kuzindua harakati za kususa bidhaa za Afrika Kusini. Miongoni mwa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, wakati huo rais wa TANU, nchi yake ikiwa bado miaka miwili na nusu nyuma ya uhuru. Padri Trevor Huddleston alikuwepo, na Kanyama Chiume wa Nyasaland, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha shule za Tanganyika. Bidhaa walizowaomba Waingereza waziache zilikuwa, kwa sehemu kubwa, bidhaa za duka la vyakula: matunda mabichi, matunda ya makopo, mvinyo. Harakati hizo ndizo zilizokuja kuitwa Anti-Apartheid Movement. Robo karne baadaye, Julai 1984, mfanyakazi wa dukani mjini Dublin, Mary Manning, alikataa kumpigia mteja hesabu ya mabalungi mawili ya Afrika Kusini. Mgomo wake na wenzake ukadumu karibu miaka mitatu, na serikali ya Ireland ikapiga marufuku matunda na mboga kutoka huko. Chungwa, zabibu, balungi, kiazi: kama kuna chakula kilichowahi kuiumiza serikali ya ubaguzi, hakikuwa nyama.

Utawala ulipokuwa ukielekea kuanguka, vita vya rafuni vilihamia kwenye kodi. Mwaka 1991 serikali ya F. W. de Klerk ilileta Kodi ya Ongezeko la Thamani, na mwezi Novemba mamilioni ya wafanyakazi wakagoma kwa siku mbili chini ya uongozi wa COSATU, shirikisho ambalo makao yake makuu yamekuwa Braamfontein kwa miaka mingi. Mabishano hayo yalizaa orodha ya vyakula 19 visivyotozwa. Orodha hiyo ni miongoni mwa maandishi ya kufurahisha zaidi katika sheria za Afrika Kusini, ingawa haijawahi kusomwa kama fasihi: mkate wa kahawia, unga wa mahindi, *samp*, mahindi makavu, chenga za mahindi, maharage makavu, dengu, mchele, mboga, matunda, mafuta ya mimea, na jamii nzima ya kunde. Maziwa yamo kwa sura zake mbalimbali, mayai yamo, na samaki mmoja tu, dagaa wakubwa wa kopo. Nyama haimo kabisa. Waliopanga orodha walikuwa wakijaribu kuchora jikoni la maskini, na walichora jikoni la mimea. Mahakama ya Katiba, iliyoanza kazi mwaka 1995 katika ofisi za kupanga papo hapo Braamfontein, ilihamia mwaka 2004 kilimani, katika jengo lililotumia matofali ya mahabusu ya zamani. Katiba inayolindwa humo inatamka, katika kifungu cha 27, haki ya kila mtu kupata chakula cha kutosha. Kutoka mlangoni mwa mahakama hadi uani kwa Namba Nne ni mwendo wa dakika moja.

Unga wenyewe umebadilika pia. Tangu Oktoba 2003 sheria inawalazimu wasagaji kuutia vitamini A, madini ya chuma, zinki na vitamini kadhaa za kundi B, kwa kuwa ilithibitika kuwa watoto wengi wanaolelewa kwa pap nyeupe walikuwa wameshiba bila kulishwa. Hiyo ni hoja dhidi ya kuusifu mlo wa maskini kupita kiasi. Bibi wa kijijini aliyekula *morogo*, mboga za majani za porini zilizo jamaa ya mchicha, pamoja na kunde na karanga, alikuwa na mlo kamili kuliko mjukuu wake wa mjini mwenye unga peke yake. Wakongomani walioweka makazi Yeoville, upande wa pili wa Hillbrow, wanalijua hili. Katika soko la mtaa huo sombe, ambayo kwa Mzaramo ni kisamvu, huuzwa kando ya karanga, na Kiswahili cha Lubumbashi na Bukavu husikika pale kwenye kupunguziana bei.

Mwaka 2022 ukazuka ugomvi wa majina. Idara ya kilimo ilitangaza kuwa vyakula vya mimea vinavyofanana na nyama visiuzwe kwa majina ya nyama, na kampuni ya Fry's, iliyoanzia Durban mwaka 1991, ikakimbilia Mahakama Kuu ya Johannesburg na kupata amri ya kusimamisha unyakuzi wa bidhaa zake. Wakati mawakili wakibishana, pakiti ndogo za soya iliyosagwa, ambazo akina mama wa mitaa ya makabwela wamezipika kwa miongo kadhaa siku ambazo nyama haipo, zilikuwa rafuni kama kawaida, chini, mahali pa vitu vya bei nafuu.

Mwaka 2025 orodha ya kodi ilirudi mezani. Serikali ilipendekeza kuipandisha kodi hiyo kutoka asilimia 15, na kwa kuwaliwaza maskini ikaahidi kuongeza vyakula vingine kwenye orodha, yakiwemo makopo ya mboga. Mwezi Aprili pendekezo la kupandisha likaondolewa kwa shinikizo la kisiasa, na nyongeza ya orodha ikaondoka nalo. Hivyo kitunguu, nyanya, karoti na maharage makavu hayatozwi kodi, lakini vikishakutana ndani ya kopo na kuitwa chakalaka hutozwa. Sheria inadhani mnunuzi ana jiko, sufuria na saa mbili tatu za kungoja maharage yaive. Mwanafunzi wa chumba cha mtaa wa De Korte, mwenye jiko la umeme la sahani moja analogawana na wenzake, hununua kopo.